Baba wa Nusu Saa

Mnaobisha bisheni, lakini shule ya mji ule ilikuwa na sheria: ukifeli hesabu, huingii darasani mpaka ulete mzazi. Mama yake Nasra alipoambiwa, alicheka hadi chai ikamtoka puani. "Ufeli wewe, nikasutwe mimi?"

Basi Nasra akamwendea Mzee Shindo, fundi viatu wa sokoni, ambaye watu huapa amewahi kukodiwa kuwa baba wa kidato kizima, wakiwemo mapacha waliomzidi umri.

Mbele ya Mwalimu Kibwana, mzee akaitetemesha sauti.

"Mwalimu, huyu ndiye mboni ya jicho langu. Hasinzii, analia na vitabu vyake. Nami hata kujumlisha sijui, nitamsaidiaje? Nishikie mwanangu."

Mwalimu akalainika kama muhogo wa nazi. "Usijali, mzee wangu. Kila jioni nitamfundisha mwenyewe."

Hapo Nasra akaangua kilio cha kwikwi. Mwalimu akadhani ni toba. Kumbe hakuna aliyewahi kumsifu hivyo, hata kwa uongo.

Walipotoka nje ya lango, alikuwa bado ameushikilia mkono wa mzee.

"Baba, siku ya matokeo utakuja?"

Mzee akajinasua taratibu, kama mtu anayejitoa mwiba. "Siku hiyo nina watoto wengi, mwanangu. Hebu nikumbushe, unaitwa nani vile?"

Kabla hajajibu, binti mwingine alijitokeza kando ya ukuta, sare imepigwa pasi, na mzee tayari alikuwa akimtabasamia.