Ushuhuda wa Fundi Makochi

"Kwa ndoa yangu hii, madaktari watakosa kazi!"

Fundi makochi alisimama mbele ya mabenchi ya kliniki ya presha, kifua mbele, kama kwamba kifua hicho amekishona mwenyewe. Pembeni alikuwa mwanamke mwenye kitambaa cha kijani, wameshikana mikono. Mshauri wa ndoa ndiye aliyewaleta, watoe ushuhuda.

"Presha yangu ilikuwa inagonga dari," fundi aliendelea. "Nikaambiwa vidonge peke yake havitoshi, njoo na mwenzako. Tukaja. Tukateta humu ndani, tukalia, tukacheka. Sasa nalala kama gogo!"

"Na wewe mama?" mshauri aliuliza.

"Amejifunza kusikiliza," mwanamke alisema kwa haya. "Nikisema tu kichwa kinauma, nyundo anaiweka chini."

Mabenchi yakaguna. Benchi la mwisho, bibi mmoja alimgusa jirani yake, muuza sare za shule, ambaye nesi alikuwa akimfunga mpira wa kipimo mkononi.

"Mwanangu, waume hao wanauzwa duka gani? Wangu nikimwambia kichwa, ananiuliza chai."

"Wangu siku hizi simwambii kabisa."

"Si umlete kwa mshauri huyu?"

"Nilimwomba, bibi. Akasema ya chumbani kwake hayapeleki kwa mtu baki."

"Angemsikia mwenzake huyu, angeona aibu."

Tangu fundi aanze kuhubiri, shingo ya muuza sare haikugeuka pembeni.

Nesi alitazama mashine, akaigonga kidogo, akaitazama tena. "Dada, ulipoingia ilikuwa na nafuu. Mbona inapanda na umekaa tu? Pumua polepole."

Alipumua. Ikapanda.

"Hii si ya kubeba peke yako," nesi alinong'ona. "Mumeo anajua kwamba unaumwa?"

Kule mbele, fundi alikuwa amefika penye utamu. "Siri ni moja tu, ndugu zangu. Mkeo ukimpa moyo wako wote, mwili wenyewe una—"

Akakwama. Macho yake yalikuwa yametua benchi la mwisho. Mkono wa yule mwenye kitambaa cha kijani aliuachia kama pasi ya moto.

"Alikuwa hajui," muuza sare alimjibu nesi, bila kumwondolea fundi macho. "Ndiyo kwanza ananiona."