Chokaa ya Bi Mwanakheri

Dalali alipoanza kuinadi nyumba kwa amri ya korti, Bi Mwanakheri alikuwa juu ya ngazi, akiupaka chokaa ukuta wa mbele kama afanyavyo kila Shaabani.

"Shuka, bibi," dalali alimwambia. "Unaihangaikia ya nini nyumba inayouzwa?"

"Inauzwa, haijauzwa. Na Ramadhani haijapata kuikuta chafu."

Watu wakacheka. Majirani walikuwa wamejaa uchochoroni, lakini hakuna aliyefungua kinywa kutaja bei. Deni lilikuwa la marehemu mumewe, na kila mmoja wao alikwisha kufuturu kwenye baraza ile. Aliyetaja bei alikuwa mmoja tu: Bwana Nasoro, mdai mwenyewe, aliyekuja amevaa joho lake jeusi la harusini. Dalali akapiga kengele, na nyumba ikawa yake kwa bei ya kutupa.

Bi Mwanakheri akamalizia kipande cha juu ya mlango. Akashuka taratibu, akautia mkono ndani ya ndoo ya chokaa mbele ya macho ya majirani wote, akamwendea Bwana Nasoro kwa nyuma.

"Hongera, mwanangu!" akasema, akimpiga kofi la mgongoni.

"Ahsante, mama," alijibu Bwana Nasoro bila kugeuka.

Akashika njia ya sokoni, kifua mbele, vidole vitano vyeupe vikimkaukia mgongoni. Wauza samaki wakamwamkia kwa heshima, wauza nazi wakampisha. Alipokwisha kupita waligeuka wote kumtazama, na hakuna hata mmoja aliyemwambia.