Sponji Isiyolaliwa

Kipande cha sponji kilidondoka kutoka kwenye kapu la Kasimiri, fundi viatu, na Mama Natalia akakikanyaga kabla mtu mwingine hajakiona.

Alisubiri mpaka fundi huyo alipopinda kona ya kanisa, ndipo akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, ingawa alikuwa peku. Sponji ilikuwa nyeupe, laini, haijawahi kulaliwa na mtu. Na huo ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, Babati nzima ikilalia magodoro ya majani.

"Nimekupata," alisema moyoni, akakichomeka kile kipande kwenye pindo la kitenge.

Walanguzi walikuwa wakisakwa nyumba kwa nyumba. Duka la mumewe lilikuwa limefungwa kwa kufuli la serikali. Wapekuzi hawakukuta kitu ila rafu tupu na panya mmoja aliyekonda, lakini kulikuwa na mdomo uliosema kwamba lori la magodoro lilishusha mzigo pale kabla ya msako. Jumatatu Baba Natalia angesimama mbele ya kamati. Magodoro yale yasipoonekana kwa mwingine, yangehesabiwa kuwa yake, naye angepandishwa karandinga kupelekwa Arusha.

Kasimiri alikuwa jirani yao hapo Bagara. Alirudi nyumbani baada ya kiwanda cha viatu alichofanyia kazi kukosa malighafi. Sasa alikuwa akichemsha kwato na mabaki ya ngozi uani kwake, kwa harufu iliyowahamisha hata mbwa. Alikuwa anatafuta gundi. Alitia majivu, akatia chokaa. Gundi ilishika vizuri, lakini ikionja maji tu inarudi kuwa uji. Siku alipotia magome ya mgunga, yale yanayotumika kutengenezea ngozi, na mafuta kidogo ya nyonyo, ilikubali. Akaichanganya na makombo ya sponji, akayabana kati ya mbao mbili chini ya jiwe, ikatoka soli ngumu. Aliiloweka kwenye ndoo, haikuachia. Tangu hapo watu walianza kuvaa ndala za Kasimiri, na hakuna aliyeuliza sponji inatoka wapi.

Mama Natalia aliamua kuuliza.

"Hodi, fundi! Habari za gundi?"

"Nzuri, Mama Natalia. Karibu, ila ziba pua."

"Pua imeshazoea. Nataka kujua hii sponji. Unaipata wapi?"

Kasimiri aliacha kukoroga. Alimtazama kama mtu aliyetaniwa asijue kama acheke au anyamaze.

"Wewe unaniuliza mimi?"

"Ndiyo, nakuuliza wewe."

"Naokota," alisema, akaigeukia sufuria yake. "Mungu awabariki wanaotupa."

"Babati hii mtu atupe sponji! Basi nionyeshe na wanapotupa sukari, nichukue kikapu."

Kasimiri hakucheka. Mama Natalia aliondoka akiwa na hakika: mtu mwenye neno safi halimezi.

Nyumbani alimkuta mumewe akifunga gunia la samadi kwenye baiskeli. Tangu duka lifungwe, Baba Natalia alikuwa amegeuka mkulima kwelikweli. Kila alfajiri alikwenda shambani kwao Nakwa, na hakutaka mkewe ajichafue kwa kupakia.

"Nimempata mwenye magodoro," alimnong'oneza. "Ni Kasimiri."

Mumewe alikaza kamba bila kuinua uso. "Achana naye. Fundi wa watu yule."

"Fundi wa watu! Wewe unakwenda kufungwa kwa ajili yake!"

"Mungu yupo, mke wangu."

Alimwangalia akisukuma baiskeli hadi akapotea. Upole huu, aliwaza, ndio utakaompeleka jela. Akavaa kanga yake safi, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Melkiadi, balozi wa nyumba kumi.

Jumapili, watu walipotoka misa, balozi alifika uani kwa Kasimiri na mgambo wawili. Bagara yote ilifuata nyuma. Baba Natalia hakuja. Alisema kichwa kinamuuma.

Mgambo walipindua makapu. Sponji ilimwagika nyeupe kama theluji ya mlimani, na watu wakaguna.

"Magodoro umeficha wapi?" mgambo mmoja aliuliza.

"Sijaficha godoro mimi."

"Na hizi?"

"Nimeokota."

"Wapi?"

Kasimiri alimtazama Mama Natalia, kisha akainamia mikono yake iliyoganda gundi.

"Nipelekeni tu," alisema.

"Amekiri huyo!" mwanamke mmoja alipaza sauti. Mama Natalia alihisi mzigo ukimshuka mabegani. Lakini aliwajua majirani zake. Kesho wangesema Kasimiri alikuwa mtunzaji tu, na mwenye mali ni yule yule wa dukani.

"Asipelekwe hivi hivi!" alijitokeza mbele. "Aseme hapa, mbele ya watu, ili mtu asije tena kumsingizia mume wangu!"

"Mama Natalia," Kasimiri alisema taratibu, "tafadhali. Mimi nimekula nyumbani kwako."

"Ulikula ugali, hukula ulimi. Sema!"

"Mama amekwambia sema," balozi alisema. "Sema, kijana."

Kasimiri alivuta pumzi.

"Nakwa. Naichimbua kwenye shimo la samadi la Baba Natalia, akishaondoka asubuhi. Naikuta ndani ya gunia, imekatwa vipande vidogo vidogo, nikadhani ni wewe uliyemwambia aikate hivyo, ili inifae."