Kabla Chai Haijapoa

"Dakika arobaini tu, dada," alisema mkata tiketi wa ndege. "Chai haijapoa, mmeshatua."

Dada alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Asubuhi hiyohiyo mdogo wake, kitinda mimba wa mama, alikuwa amempigia simu na wimbo wake uleule: angekuja kumwona mama, ila huko aliko ni mbali mno. Ameuimba tangu baba azikwe.

Mbali. Maharage yenyewe hayaivi kwa dakika arobaini.

Akaviangalia viganja vyake. Mipini ya kiti cha magurudumu cha mama ilikuwa imeviotesha sugu nene, kama za mchimba mitaro.

"Mwanangu," mama aliita kutoka kwenye kiti hicho, "mdogo wako kasema anakuja lini?"

"Haji, mama. Unaenda wewe."

Mama akaanza kujifunga mtandio vizuri.

"Kata moja," dada akamwambia mkata tiketi. "Ya kwenda tu."

"Huko kuna wa kumpokea?"

"Yupo. Namba yake nakuachia." Akaizima simu yake, akaitia mkobani. "Mpigieni chai ikianza kupoa."