Kipande cha Tango

Kabla ya kusafiri kwenda kumuuguza dada yake, Bi Mwanakheri aliliacha tangi lake la samaki saluni kwa jirani yake, kinyozi Hemedi, pamoja na pakiti ya dawa.

"Nahisi wana minyoo," alimwambia. "Ikijitokeza, watoe uwatibu kwenye beseni. Usiimwage dawa tangini, itamuua konokono wangu."

Minyoo ikajitokeza kweli, ikawa inaning'inia nyuma ya samaki kama nyuzi nyekundu. Mteja mmoja akacheka, mwingine akakigeuza kiti asiione. Hemedi akaona haya, akaimwaga dawa palepale tangini ili mambo yaishe.

Leo Bi Mwanakheri amerudi. Anawatazama samaki wake, wazima kabisa, wanacheza.

"Umenitunzia, mwanangu. Mungu akuzidishie," anasema. "Na konokono wangu?"

Hemedi anajishughulisha na mkasi. "Yupo hapo mchangani, mama. Amelala."

Gamba lipo kweli, limeinamishwa mdomo chini. Alilisafisha mwenyewe asubuhi, na harufu bado haijamtoka vidoleni.

Bi Mwanakheri anafungua mkoba, anatoa kipande cha tango alichokifunga kwenye karatasi, anakidondosha karibu na gamba. Kisha anavuta kiti, anakaa kungoja. Samaki wanakivamia kile kipande, wanakisukuma huku na huku, na gamba linatikisika kidogo.

"Huyo, anaamka," anasema, akisogeza uso kwenye kioo.

Hemedi anachukua ufagio, anaanza kuifagia sakafu aliyokwisha kuifagia.