Mteja Asiyenunua

Debra alisimama tena. Wateja wengine wote aliwapigia akiwa ameketi, chai pembeni, kiatu kimoja amekivua chini ya meza. Lakini kila zamu ya Mzee Zachariah ilipofika, alisukuma kiti nyuma, akavaa kiatu, akasimama wima ndipo abonyeze nambari kwenye simu ya ofisi.

Jackton aliyaona hayo kutoka meza ya pili, na yakamkera. Kampuni hiyo ya Upper Hill iliuza fleti za Kileleshwa, naye alikuwa ameletwa kwa kazi moja tu: kuunganisha fomu ya tovuti na sistimu mpya ya wateja. Zamani mtu akijaza fomu, jina na nambari yake viliingia kwenye barua pepe ya Debra, naye Debra akampigia. Sasa sistimu ingepokea yenyewe, imgawie mteja mhudumu yeyote mwenye nafasi, kisha itume meseji yenye jina la mhudumu wake, ili mteja adhani ameandikiwa na binadamu. Meseji hizo Jackton alizitunga mwenyewe na akajivunia sana.

Alipokuwa akihamisha majina ya zamani ndipo alipoona maajabu. Zachariah, Zachariah, Zachariah. Mzee huyo alijaza fomu karibu kila wiki, kutoka saiba moja, duka la intaneti, huko Kikuyu, na hakuwahi kuja kuona nyumba hata siku moja. Bei hakuuliza. Kwenye nafasi ya maswali aliandika vitu ambavyo mnunuzi haandiki. Maji hupotea? Chumba cha mtoto kinaingia baridi?

Na Debra alimjibu kwa simu, kwa upole ambao mteja mwingine yeyote hakuwahi kuuonja.

"Hakuna baridi, mzee. Mtoto analala vizuri."

Akishaweka simu chini alikwenda chooni, akarudi macho mekundu, akajifanya anatafuta kalamu.

Sasa, Jackton alikuwa na moyo mzuri, na balaa lilianzia hapo hapo. Alijua Debra analea mtoto peke yake, hana wa kumtetea, na kazi anaihitaji. Akamuuliza kama mzee huyo anamsumbua. Debra akasema hapana. Aliomba jambo moja tu, kwamba sistimu ikianza, mzee asigawiwe mtu mwingine.

"Huyo niachie mimi," alisema. "Tafadhali, Jackton."

Tafadhali hiyo ilimchoma. Nani humbembeleza mtu kwa ajili ya yule anayemliza? Akaamua kwamba msichana wa watu ametishwa.

Alhamisi, sistimu ikiwa imeshaanza, Debra alimpeleka mtoto kliniki. Fomu ya mzee ikaingia kama kawaida, na Jackton akampigia mwenyewe ili amsikie. Mzee hakutaka habari za fleti. Aliuliza yule msichana yuko wapi, au ni mgonjwa. Kisha akashusha sauti.

"Kwani hutoka kazi saa ngapi? Giza huwa limeshaingia?"

Jackton alikata simu. Mzee mzima, bila haya hata kidogo! Papo hapo akamfunga kwenye sistimu, fomu zake zisipokelewe tena, na siku hiyo akala chakula cha mchana kwa furaha, kama mtu aliyemfukuza mbwa mkali mlangoni kwa jirani.

Ijumaa asubuhi akamweleza Debra, akingoja kushukuriwa. Debra hakushukuru. Aliuliza polepole mteja akifungwa hutumiwa meseji gani. Jackton akamgeuzia kioo cha kompyuta asome mwenyewe.

"Zachariah, tumeona huna nia ya kununua. Tafadhali usinitafute tena. Wako, Debra."

Debra alisukuma kiti nyuma, akasimama, akabonyeza nambari. Simu ya mzee ilikuwa imezimwa. Akapiga tena. Hadi saa ya chakula alikuwa akipiga, amesimama vile vile. Jackton, roho mkononi, alimletea maji. Akamwambia kwa nini ahangaike, mzee kama huyo si hasara, wateja wapo wengi.

Debra aliushika ule mkono wa simu kifuani, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Niliposhika mimba, baba aliapa hatanipigia wala kushika simu yangu mpaka afe," akasema. "Ndio akawa anajaza fomu, ofisi impigie."