Chapati Tatu za Jumamosi

Kila Jumamosi walimu wa hesabu wa shule za msingi za mjini walikutana, mmoja akafundisha, wengine wakajifanya watoto, kisha wakamkosoa. Leo Mwalimu Nezia, mkongwe kuliko wote, alikuwa amejibana kwenye dawati la darasa la nne.

Mwalimu Barnaba aliweka chapati tatu mezani. "Tatu tukigawanya kwa nusu, tunapata ngapi?"

"Sita," Nezia akajibu upesi. Unapindua nusu iwe mbili, unazidisha, ndivyo alivyofundisha miaka yote.

Barnaba akazikata katikati. "Vipande sita. Kuna swali?"

Nezia alivitazama vile vipande mpaka akasahau kwamba anaigiza. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, si tumegawanya? Mbona jibu limekuwa kubwa?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Jamani, huyu mama anajua kuigiza," mmoja akasema. "Mtoto kabisa."

Wakampigia makofi, wakabeba chapati, wakatoka kwenda kunywa chai. Barnaba, naye akicheka, akageuka kufuta ubao.

Nezia hakuushusha mkono.